Anayehifadhiwa Si Mali ya Mtazamaji



Makala ya leo ilianzia darasani Mbarara, katika zoezi jepesi kabisa. Niliwaonyesha wanafunzi picha moja nikawaomba waieleze kwa sentensi tatu. Picha ilitoka nchi ya mbali. Mtalii ameketi juu ya mgongo wa tembo, uso umejaa furaha. Mguu wa mbele wa tembo una mnyororo. Nyuma yao kuna bango, nami niliwatafsiria maneno yake: hifadhi ya tembo.

Mwanafunzi mmoja, aliyezaliwa Kivu na kukulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aliandika hivi: “Tembo imefungwa katika hifadhi.” Nikamsahihisha kama ilivyo desturi yangu. Nikasema kwamba katika Kiswahili sanifu mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, kama mtu. Husemi tembo imefungwa. Unasema tembo amefungwa. Akafuta, akaandika upya, kisha akaitazama sentensi yake kwa muda. Akaniuliza: “Mwalimu, kama amefungwa, kwa nini bango linasema hifadhi? Sisi pia tumeambiwa tumepewa hifadhi.”

Sikuwa na jibu la haraka. Ninalo leo, nami naliandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili yako.

Tuanze na neno lenyewe. Hifadhi limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kulinda, kutunza na kuweka kitu kisipotee. Mtoto wa chuoni huhifadhi Kurani moyoni. Mkulima huhifadhi mahindi ghalani. Serikali hutenga hifadhi ya taifa kwa ajili ya wanyamapori na misitu. Na mtu aliyekimbia vita huomba hifadhi katika nchi ya jirani. Matumizi haya manne yana jambo moja la pamoja: kinachohifadhiwa ni amana. Aliyepewa kukitunza hakikimiliki kwa namna ya kukifanya apendavyo. Hafidhi hawezi kubadili aya aliyoihifadhi, na nchi iliyompokea mkimbizi haiwezi kumfanya bidhaa.

Hoja yangu basi ni hii. Mahali panastahili jina la hifadhi pale tu ambapo maslahi ya anayehifadhiwa yanatangulia starehe ya anayekuja kumtazama. Mambo yanapogeuka, mtazamaji akawa ndiye bwana na anayehifadhiwa akawa mtumishi wake, jina hilo limeibwa, hata likiandikwa langoni kwa herufi kubwa kiasi gani.

Kabla sijaendelea, naomba tuelewane. Simfananishi mkimbizi na mnyama. Wapo watu duniani waliowatukana wakimbizi kwa mfano huo, nami siwezi kujiunga nao. Mkimbizi ana haki kwa kuwa ni mtu, na haki hizo zimeandikwa: Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua, pamoja na mambo mengine, haki yake ya kufanya kazi na ya kutembea nchini kwa mujibu wa sheria. Tembo hana sheria ya namna hiyo, wala hawezi kwenda mahakamani. Ninachosema ni kwamba mtu aliyewahi kuishi chini ya neno hifadhi ana sikio kali la kutambua linapotumiwa kwa uongo. Mwanafunzi wangu aliutambua uongo huo katika picha kabla ya mwalimu wake.

Sasa, tembo ni nani? Mimba yake huchukua takriban miezi 22. Majike huishi pamoja maisha yao yote, mama na binti, dada na dada, chini ya uongozi wa jike mzee anayekumbuka mahali penye maji wakati wa ukame. Mtoto hulelewa na mama, na pia na shangazi na dada zake wakubwa. Madume yakikomaa huondoka kundini. Tembo hutembea mwendo mrefu akitafuta majani, magome na maji, hujirushia vumbi kuikinga ngozi, huoga matope, na huwasiliana na wenzake walio mbali kwa sauti nzito ambazo sikio letu halizisikii. Yote hayo ndiyo maisha yake. Ukimpa chakula kingi na paa zuri lakini ukamnyima kutembea, kuwa na ukoo wake na kujiamulia, umemwachia uhai na kumnyang'anya maisha.

Na tembo hazaliwi akiwa tayari kubeba watu. Ili mnyama mwenye nguvu kama hizo akubali binadamu mgongoni na amri za binadamu masikioni, huna budi kuivunja hiari yake, na mara nyingi kazi hiyo huanza utotoni. Katika baadhi ya nchi za Asia, ndama hutenganishwa na mama yake, hufungwa na kupigwa mpaka akubali. Baadaye mwenye kumwongoza hutembea na fimbo yenye ndoano ya chuma, na tembo anaijua fimbo hiyo hata isipomgusa. Mtalii anayepanda kwa dakika ishirini huona utulivu. Haoni ulikotoka.

Usidhani kwamba habari hii ni ya Asia peke yake. Mwaka 1879, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aligharimia msafara ulioshusha tembo wanne kutoka India katika ghuba ya Msasani, karibu na Dar es Salaam, ili wajaribiwe kubeba mizigo kuelekea Ziwa Tanganyika. Wengi wao walikufa njiani. Baadaye, katika Kongo ya wakoloni, kilianzishwa kituo cha kuwafunza tembo wa Afrika wenyewe. Kituo hicho kilijulikana kwa jina la Gangala-na-Bodio, katika eneo ambalo leo ni la Hifadhi ya Taifa ya Garamba. Watoto wa tembo walikamatwa kutoka makundi ya porini, wakafunzwa kulima na kukokota mizigo. Kwa hiyo sisi wa Afrika ya Mashariki na ya Kati tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya tembo aliyegeuzwa chombo.

Siku hizi wageni wengi wamekwisha kujifunza kwamba kupanda tembo si jambo jema. Biashara nayo imejifunza. Mahali pengine palipokuwa pakiuza safari za mgongoni sasa panauza kumwogesha tembo, kumlisha kwa mkono, kumkumbatia mkonga. Bango limebadilishwa, nalo sasa linasema hifadhi, kimbilio, kituo cha uokoaji. Hakuna sheria ya kimataifa inayomzuia mtu kuandika maneno hayo langoni kwake.

Nami nikiri kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa safarini nje ya Uganda, nilitembelea mahali pa namna hiyo, ambapo sitapataja. Nilitoa kiingilio, nikapewa kikapu cha ndizi, nikamlisha tembo jike mmoja. Nilifurahi sana. Ulimi wa tembo ni laini kuliko unavyodhani, na mkonga wake hupokea ndizi kwa uangalifu kama wa bibi anayepokea kikombe cha chai. Nilipiga picha sita. Nilipogeuka kuondoka ndipo nikaona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa nikifurahi: kati ya mgeni na mgeni, yule jike aliyumba kushoto na kulia, kushoto na kulia, pasipo kusogea hatua moja. Nilimwuliza kijana aliyekuwa zamu kama anacheza. Alinijibu kwamba ndivyo alivyo siku zote. Baadaye nilisoma kwamba mwendo huo wa kurudiarudia ni dalili inayojulikana kwa wanyama waliofungiwa mahali pasipowatosha. Picha zile sita ninazo bado. Sijawahi kumwonyesha mtu.

Je, basi kila kituo cha tembo ni cha kulaaniwa? Hapana. Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha kwamba inawezekana kumtunza tembo yatima pasipo kumfanya kichekesho. Jijini Nairobi, pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kuna makao ya watoto wa tembo yanayoendeshwa na shirika la Sheldrick, lililoanzishwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mkuu wa Tsavo Mashariki. Mama huyo, aliyefariki mwaka 2018, alitumia miaka mingi kutafuta maziwa ambayo ndama wa tembo angeweza kuyameng'enya, na mafuta ya nazi yakawa sehemu ya ufumbuzi. Walezi hulala na watoto hao usiku, na hubadilishana zamu ili mtoto asimtegemee mtu mmoja tu na kuvunjika moyo siku mtu huyo asipokuwapo.

Angalia sasa nafasi ya mgeni. Wageni wa kawaida hupewa saa moja tu kwa siku, kabla ya adhuhuri. Husimama nyuma ya kamba. Watoto wa tembo huja kunywa maziwa yao, hucheza matopeni, kisha hurudi msituni. Ndama akipenda kuisogelea kamba, atasogea; asipopenda, hakuna anayemvuta. Muhimu zaidi ni kwamba safari haiishii hapo. Wakishakua kidogo hupelekwa Voi na Ithumba katika Tsavo, au Umani katika msitu wa Kibwezi, ambako polepole, kwa miaka, hujiunga na tembo wa porini. Baadhi ya majike waliolelewa hivyo wamerudi baadaye kuwatembelea walezi wakiwa na watoto wao waliozaliwa porini, kisha wakaondoka tena. Mlango umebaki wazi pande zote mbili. Huko Samburu nako kuna kituo cha Reteti, kilichofunguliwa mwaka 2016, ambacho ni cha jamii yenyewe, na walezi wake ni watoto wa wafugaji wa pale pale.

Hapa Uganda tunao mfano wa namna hiyo kwa mnyama mwingine. Kisiwa cha Ngamba, katika Ziwa Victoria, kimekuwa makao ya sokwemtu yatima tangu mwaka 1998. Wengi wao hawawezi kurudishwa porini, lakini wanao msitu wa kutembea, na mgeni huwatazama kutoka jukwaani wakati wa kulishwa. Sokwemtu akimaliza kula, hugeuka akarudi msituni, na mgeni hubaki na miti. Nadhani hilo ni somo zuri kwa mgeni: kuachwa.

Lakini mwalimu bora wa yote ni tembo wa porini. Kutoka Mbarara, safari ya saa chache tu kuelekea magharibi hukufikisha Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Baada ya miaka ya vita na ujangili, mwaka 1980 tembo wa hifadhi hiyo walikuwa wamebaki takriban 150 tu. Leo huhesabiwa kwa maelfu. Hawakuongezeka kwa kuzaana peke yake. Hifadhi hiyo inapakana na Virunga ya Kongo, na wakati wa machafuko upande ule, tembo walivuka kuja upande huu. Kisha mwaka 2020 mamia yao walirudi Virunga. Nilipowasomea wanafunzi wangu habari hiyo, darasa lilinyamaza. Wengi wao wazazi wao walivuka mpaka huo huo, kwa sababu hiyo hiyo, na bado hawajarudi.

Najua kuna pingamizi, nami ninaziheshimu. Ya kwanza ni fedha. Mlezi wa tembo ana watoto wa kusomesha, na mgeni asipokuja, nani atanunua chakula cha tembo? Ni kweli. Kwa sababu hiyo siwaambii watu waache kutembelea. Nawaambia wachague. Kiingilio chako ni kura. Ukikipeleka mahali ambapo mnyama anapigwa, umepigia kura fimbo. Ukikipeleka mahali ambapo mnyama anaachwa awe mnyama, umepigia kura msitu. Biashara itafuata kura nyingi.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: tembo anapendwa kuliko mkulima. Mwulize anayelima pembezoni mwa Queen Elizabeth, ambaye shamba lake la mahindi huliwa kwa usiku mmoja, naye hulala nje akipiga madebe. Kwake, tembo si picha ya kupendeza. Na hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Hifadhi ya Ziwa Mburo, ambayo haina tembo lakini ina pundamilia na nyati, ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na familia nyingi zikafukuzwa katika ardhi yao. Utawala ulipobadilika, watu walirudi kwa hasira, wanyama wengi wakauawa, na hatimaye sehemu kubwa ya ardhi ikaondolewa katika hifadhi. Hili ni funzo la uraia: hifadhi inayomlinda mmoja kwa kumfanya mwingine kuwa mkimbizi haidumu.

Sheria zetu zimeanza kulijibu jambo hili. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi za taifa inapaswa kwenda kwa jamii jirani, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka msingi wa fidia kwa waliouawa, waliojeruhiwa au walioharibiwa mali na wanyama waliotajwa, tembo akiwemo. Kazi ya raia ni kuuliza: je, fedha hizo zinamfikia mwenye shamba? Anayempenda tembo kwa dhati atauliza swali hilo kwa sauti kubwa kama anayempenda mkulima, kwa maana mkulima asiyelipwa hana sababu ya kumvumilia tembo.

Basi, mpenzi msomaji, siku utakapopata nafasi ya kutembelea mahali panapoitwa hifadhi ya tembo, popote duniani, uliza maswali haya kabla ya kutoa kiingilio. Wanyama hawa walitoka wapi, na mama zao wako wapi? Je, wageni huruhusiwa kupanda, kuogesha au kukumbatia? Je, mnyama anaweza kuondoka mbele ya mgeni asipotaka kuonekana? Je, kuna mpango wa kuwarudisha porini wanaoweza kurudi? Hufanya nini saa ambazo hakuna wageni? Na jamii inayoishi jirani inapata nini? Pasipopatikana majibu, yaache hapo hapo mapesa yako ndani ya mfuko wako. Na ukipewa majibu mazuri, ingia, simama nyuma ya kamba, nyamaza, utazame.

Nimalizie pale tulipoanzia. Baada ya darasa lile nilimwuliza mwanafunzi wangu kilichomfanya aulize swali lake. Alinieleza kwamba huko Nakivale, makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wageni huja mara kwa mara. Wengine huketi, huuliza majina, hurudi tena. Wengine hushuka garini, hupiga picha za watoto penye foleni ya maji, kisha hupanda gari. “Hao wa pili,” akasema, “hawajawahi kuniuliza kama nataka.”

Hilo ndilo jibu la swali lake, nalo alikuwa nalo tangu mwanzo. Hifadhi ya kweli ni mahali ambapo anayehifadhiwa anaweza kukataa. Mtu hukataa kwa maneno, na ni wajibu wako kumwuliza. Tembo hukataa kwa kugeuka na kuondoka, na ni wajibu wako kumwachia njia.

Zoezi la wiki hii: andika aya moja kuhusu mnyama uliyewahi kumwona akiwa amefungwa, au mgeni aliyewahi kukutazama pasipo kukuuliza. Tumia upatanisho sahihi. Andika amefungwa, usiandike imefungwa. Kisha uisome aya yako kwa sauti, usikie tofauti.

Wako katika Kiswahili,
Mwalimu